Mama Alibakiza Miezi Mitano, Akasogeza Zamu ya Upatu Mwakani

Mama yangu alipobakiza miezi mitano ya kuishi, alikwenda sokoni akabadilisha zamu yake ya upatu.

Zamu yake ilikuwa namba nane. Mwezi wa sita, mwaka huohuo.

Akaiachia, akachukua namba ishirini. Mwezi wa sita wa mwaka unaofuata.

Soma tena. Mtu wa kufa mwezi wa nane amejipangia kupokea hela mwezi wa sita mwakani.

Na aliyekuwa analipia huo upatu ni mimi.

Naitwa Bo-kyeong. Nina miaka thelathini na tatu, mzaliwa wa Daegu. Hasira ninayoandikia hapa bado ina moto, kwa hiyo mtanivumilia.

Mama aliuza kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, na vitoweo vingine sokoni miaka thelathini na moja. Soko zima lilimwita Mama Tae-sik. Tae-sik ni kaka yangu, kifungua mimba. Mimi ndiye niliyekaa naye kwenye kile kibanda tangu nina miaka tisa, nakata figili mpaka vidole vinapasuka, lakini hakuna hata mteja mmoja aliyewahi kumwita Mama Bo-kyeong.

Basi. Hayo niliyazoea.

Mwezi wa pili daktari alituita pembeni, mimi na Kaka. Saratani ya kongosho, imeshatambaa hadi kwenye ini. Akasema tukibahatika tutafika mwezi wa nane.

Kaka akatoa amri palepale kwenye korido.

"Mama asijue. Tunamwambia ni vidonda vya tumbo."

"Kaka, tumbo ni lake."

"Unataka kumuua kwa mdomo wako? Mtu akiambiwa ana saratani anakufa kabla ya siku zake. Mimi ndiye mkubwa, nimeshasema."

Nikakubali. Kwetu si ajabu. Jirani zetu walimzika babu yao akiamini anaumwa baridi yabisi.

Ila hakuna aliyeniambia kwamba uongo nao una bei.

Kuna wadi ya wagonjwa wa mwisho. Wanatuliza maumivu, wana waangalizi wao, na gharama yake mtu wa kawaida anaimudu. Lakini hawampokei mgonjwa mpaka atie sahihi kwa mkono wake kwamba anajua anaelekea wapi.

Mama wa vidonda vya tumbo atatiaje sahihi?

Kwa hiyo akabaki wadi ya kawaida, vitanda sita, akitundikiwa dawa za saratani zilizomtapisha, ambazo daktari mwenyewe hakuwa na imani nazo. Na wadi ya kawaida mgonjwa anauguzwa na ndugu. Ndugu akiwa kazini, unakodi mtu wa kumwangalia kwa siku.

Mimi nilikuwa nakata vioo vya miwani kiwandani. Nilipiga hesabu: mshahara wangu wa mwezi ungemlipa huyo mwangalizi siku kumi na tisa. Nikaacha kazi.

Mwezi wa tatu kitabu cha benki cha Mama kikakauka. Nikampigia Kaka.

"Kaka, benki hamna kitu. Hata ya sabuni."

"Vumilia, Bo-kyeong. Kuku hawauziki."

Kaka ana duka la kuku wa kukaanga huko Suwon. Nyumba ya Mama ilishawekwa rehani miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya hao kuku. Sijawahi kuona kuku wanaokula binadamu kama wale.

Nikavunja mkataba wa chumba changu. Nilikuwa nimeweka amana kwa mwenye nyumba, won milioni kumi na tano, jasho la miaka saba. Nikaichukua yote, nikahamia kwenye kibenchi kando ya kitanda cha Mama.

Mama sikumwambia. Kama benki imekauka kwa vidonda vya tumbo, si angeuliza hivyo vidonda ni vya aina gani?

Na kila tarehe kumi na tano ananikumbusha.

"Umepeleka upatu?"

"Nimepeleka, Mama."

Milioni moja. Kila mwezi. Ningekataaje? Ningesema, Mama, acha kucheza upatu, hutaumaliza? Nikatuma mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, na amana inayeyuka kama barafu kwenye kiganja.

Nilichoshikilia ni ile namba nane. Mwezi wa sita wanawake ishirini wa sokoni wangemkabidhi Mama milioni ishirini. Hizo zingetufikisha mwisho.

Tarehe kumi na tano mwezi wa sita nikatuma mchango asubuhi na mapema, nikakaa na simu mkononi kama bibi harusi.

Ujumbe ukaingia: "Zamu ya mwezi huu ni Mama wa Tambi. Hongera zake."

Nikamgeukia Mama.

"Mama, zamu yako si ilikuwa leo?"

"Nilibadilisha. Nimechukua ya mwisho."

"Ya mwisho? Ya mwakani?"

"Ya mwisho ina faida zaidi, inaongezewa riba. Mwenye haraka ndiye anayekula hasara."

Mwenye haraka!

Nikatoka nje ya wadi. Nikaenda kwenye ngazi za dharura, nikauma mkono wa sweta mpaka nikausikia uzi unakatika. Ningeweza kumwambia nini? Sentensi pekee yenye maana ndiyo niliyokatazwa kuisema.

Kesho yake asubuhi nikaenda sokoni kwa Mama wa Ufuta. Huyu ndiye mwenye upatu. Anakamua mafuta ya ufuta, mwanamke mfupi, mikono kama ya fundi chuma. Nikapiga magoti sakafuni mbele ya wateja.

"Mama Mkubwa, nakuomba. Mrudishie Mama zamu ya karibu. Yeyote atakayekubali kubadilishana, faida achukue yeye."

"Inuka, mwanangu. Unanichafulia wateja. Kuna nini?"

"Mama ana saratani. Hafiki mwakani. Mwenyewe hajui."

Mama wa Ufuta akazima mashine.

"Nani hajui?"

"Mama."

"Bo-kyeong. Mama yako ndiye aliyeniambia mimi. Mwezi wa tatu, amekaa hapohapo ulipopiga magoti."

Akajifuta mafuta mikononi.

"Alikuja na kaka yako, na gari la kaka yako, siku waliyokuambia ukapumzike. Wakahamisha namba, wakaandikisha kwamba mama yako akitangulia, mpokeaji ni Tae-sik. Hela ya upatu hailiwi na hospitali, ndivyo alivyosema."

"Na michango ya mwaka mzima akishakufa? Nani angelipa?"

Akanitazama kama mtu anayeogopa kukanyaga kioo.

"Kaka yako alisema umekubali wewe. Kwamba ndiyo heshima yako ya mwisho kwa mama. Mimi nikakusifia kwa watu, mwanangu. Nikasema, binti yule kalelewa."

Ngoja niiseme taratibu ili iingie.

Kaka yangu alijua kwamba Mama anajua. Tangu mwezi wa tatu. Na miezi yote ile alinipigia kunikumbusha nifunge mdomo. Alijua benki imekauka, kwa sababu nilimwambia mimi mwenyewe. Alijua nani analipa.

Nililala kwenye kibenchi, nimeacha chumba, kumbe namchangia kaka yangu mtaji wa kuku.

Sikumbuki nilivyorudi hospitali. Nakumbuka Mama alikuwa anakunywa uji, na bibi wa kitanda cha dirishani anaangalia tamthilia yake.

"Mama. Umejua tangu lini?"

Kijiko kikasimama.

"Kujua nini?"

"Usinifanye mtoto. Nimetoka kwa Mama wa Ufuta."

Bibi wa dirishani akapunguza sauti ya televisheni.

Mama akaweka bakuli chini. "Tangu siku ulipoacha kunigombeza," akasema. "Halafu tangu lini vidonda vya tumbo vikamleta Tae-sik kutoka Suwon mara mbili kwa mwezi? Nikamkamata, nikamuuliza. Akalia, akasema."

"Akalia! Na mimi? Kila asubuhi nakudanganya, naenda chooni natapika kwa aibu, na wewe unaniangalia tu?"

"Nilidhani kunidanganya kunakupa nguvu."

"Kungenipa nguvu kwa hela ya nani?"

"Kelele za nini? Upatu ni hela yangu. Nimpe ninayetaka."

"Hela yako iliisha mwezi wa tatu!"

Wadi nzima ikageuka kututazama. Hata aliyekuwa anakohoa aliacha.

Nikafungua simu, nikamwonyesha. Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Jina la mtumaji, langu. Nikamwambia habari ya chumba. Nikamwambia kwamba nguo zangu ziko kwenye maboksi mawili stoo kwa rafiki yangu.

Mama alisoma polepole, kwa kidole, kama anavyosoma bei za kabichi. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipigie kaka yako. Weka sauti kubwa."

Kaka akapokea kwa furaha. "Mama! Umeshakula?"

"Upatu wangu nani analipa?"

"Si… unatoka kwenye kitabu chako, Mama."

"Kitabu changu kina kiasi gani?"

Tukasikia mafuta yanakaanga kuku upande wa pili.

"Tae-sik. Nimekuuliza."

"Bo-kyeong alisema kiliisha. Lakini Mama, yeye hana mume, hana watoto, ana amana yake, nikaona…"

"Ukaona." Mama alikuwa anahema. "Mimi nilidhani nakupa changu. Kumbe umenifanya mwizi, na ninayemwibia ananiosha mgongo."

"Mama, usijichoshe, daktari alisema…"

"Daktari alisema nakufa. Sasa mezea hilo."

Akakata simu yeye mwenyewe. Bibi wa dirishani akapiga kofi moja, akajifanya anaua mbu.

Mama wa Ufuta alikuja mchana uleule na daftari lake. Yeye mwenyewe alinunua namba ishirini, kwa michango iliyokwisha kulipwa. Milioni nane. Nne za Mama, nne zangu. Hela alikuwa nazo kwenye mfuko wa kubebea mboga.

"Nne zake mpe mkononi, nione," Mama akasema.

Nikapokea.

"Nne zangu…" Akafumba macho. "Mpe Tae-sik."

Jamani.

"Mama! Hata sasa?"

"Yeye hana akili, Bo-kyeong. Wewe unayo. Wewe hutakufa njaa."

"Kwa hiyo nimetozwa faini kwa kuwa na akili? Miaka thelathini natozwa?"

"Mama Tae-sik," bibi wa dirishani akaingilia, "hiyo si haki hata mbele ya hao kuku."

Nilitaka aombe msamaha. Nilitaka aseme nilikosea, mwanangu, mara moja tu. Hakusema. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno hayo, na ugonjwa haukumpa mapya. Badala yake akaniuliza, "Ile wadi ya kutuliza maumivu ni kiasi gani?"

Alijua na hiyo.

"Nne zako zinatosha."

"Basi nilipie. Zikibaki, ndizo za kaka yako."

Akatia sahihi akiwa amekaa wima, jina lake kamili, ambalo sijui mara ya mwisho lini mtu alimwita nalo. Jang Pil-nam. Daktari alipotaka kumsomea ile fomu, alimwambia, "Usihangaike, kijana, nimeshaelewa mwisho wake."

Aliishi siku ishirini na mbili kwenye ile wadi. Hakutapika. Alinifundisha kiasi cha chumvi ya kimchi yake, jambo alilolificha hata kwa mama yake mzazi. Tuligombana kila siku. Zilikuwa siku nzuri kuliko miezi yote minne ya tabasamu.

Ndiyo sababu sitamsamehe Kaka. Hela ya upatu nilirudishiwa. Ile miezi minne, nani atanirudishia?

Msibani alivaa suti nyeusi, akasimama mbele kama mwenye msiba, watu wanamwinamia, wanatumbukiza bahasha nyeupe za rambirambi kwenye sanduku. Nilikuwa nimeshalipia wadi yote. Katika zile nne za Mama zilibaki won laki moja na elfu arobaini.

Nikazitia kwenye bahasha nyeupe, nikaandika jina la Kaka, nikapanga foleni pamoja na wageni.

Aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Akaipima uzito kwa vidole.

"Ndizo zote?" akaninong'oneza.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kutoka kwa kaka yangu.

Wewe unayesoma hapa, kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa wa kufa na mmekubaliana kumficha, nina neno moja kwako. Kwenye kila siri ya familia kuna anayeilipia na kuna anayekula faida yake. Kaa kitako, mgonjwa akiwepo, ugonjwa utajwe kwa jina lake, na kila mtu aseme kwa mdomo wake anatoa kiasi gani.

Atakayekuwa wa kwanza kusema "msimwambie, mtamuua", mtazame vizuri mikononi.