Tiyo za kiwanda cha chai

Valérie alijua viwanda vya Kivu kama mama anavyojua vyungu vyake. Miaka kumi na mbili, kwenye depo ya chuma pale Kadutu, wateja wakubwa wote walikuwa mikononi mwake: kiwanda gani kinangoja mabati mazito, fundi gani anapenda kubembelezwa, yupi hasikii mpaka akaripiwe. Patron, mwenye depo, alikuwa na mali, lakini wateja walikuwa wa Valérie, na kila mutu alilijua hilo.

Kati yao wote, Valérie alimupenda zaidi Papa Gaston, fundi wa kiwanda cha chai upande wa Kalehe. Gaston alilehemu tiyo, yale mabomba ya chuma, kwa mkono wa kushoto, na kila kiungo alichounga kililala upande kama mulevi. Valérie alimcheka.

"Cheka tu, maman. Lakini haivuji."

Mwaka wa 1999 askari walikivua kile kiwanda mpaka misumari. Juma lililofuata lori lao likashusha tiyo kwenye depo. Patron akanunua, nani angeuliza? Valérie akapita karibu, akaona viungo vimelala upande. Akaitambua kazi ya Gaston, akarudi kwenye hesabu zake.

Siku nane hazijaisha, Gaston mwenyewe akafika, amekonda, anatafuta tiyo za kuanza upya. Na siku hiyo komanda wa lile lori alikuwa ameketi mlangoni, bunduki juu ya magoti, anangoja franga zake.

Gaston akainama, akapitisha kidole juu ya kiungo. Valérie akaona mgongo wake unakakamaa.

"Maman Valérie," sauti ikapanda, "hizi tiyo ni za..."

Juzi tu jirani wa depo alidai baiskeli yake kwa askari walioiiba. Alizikwa kesho yake.

"Ni kuukuu, ninajua!" Valérie akamkata. "Na bei haishuki! Kila mwaka unakuja kulialia hapa. Kama hauna franga, toka! Enda kuuza mihogo!"

Komanda akacheka. "Huyu maman iko mukali! Muzee, lipa ao kimbia."

Gaston akaiachilia tiyo, akainuka.

"Kumbe na weye uko mumoja wao," akasema polepole, akatoka mikono mitupu.

"Alitaka kusema nini, huyu?" komanda akauliza.

"Mukopo, afande. Hana kingine."

Gaston akafika kwake salama. Na huko akasema, kwa kila fundi aliyemjua, kwamba Valérie anauza vya wizi. Mmoja baada ya mwingine wateja wakahamia depo nyingine. Patron akamfukuza Valérie kabla ya mwaka kwisha: muuzaji bila wateja ni wa nini?

Baadaye walikutana mara moja tu, huko Katana, nje ya hospitali.

"Papa Gaston, siku ile komanda..."

"Sikujui, maman."

Akapita. Valérie hakumfuata. Alisimama barabarani akimtazama anavyotembea, mzima, kwa miguu yake mwenyewe, mpaka akapotea kati ya watu.