Udongo Shinani mwa Michungwa

Jana nilikuwa Yide Lu, mtaa wa maduka huku Guangzhou, kutafuta madaftari ya kupakia kontena, nikapita duka lenye magunia ya maganda makavu ya machungwa. Mwenzangu, harufu ile ilinikamata palepale. Nililia njiani mchana kweupe, mpaka mwenye duka akaniletea kigoda.

Ilikuwa harufu ya uani kwa bibi, Muheza. Asubuhi uji wa ndimu, mbuzi wa jirani wakilia nyuma ya ua, na mimi na jembe langu. Kazi yangu ilikuwa kuiinulia michungwa udongo, kama tulivyofanya kwenye mahindi. Bibi alisema shina lililo wazi ni aibu ya mwenye shamba. Basi nikalundika udongo hadi usawa wa magoti, nikaushindilia kwa miguu, najiona fundi kweli.

Masika yale magome yakaanza kutoa gundi, tukaichezea. Majani yakawa manjano, vijiti vya juu vikakauka. Halafu michungwa ikazaa kupita kiasi, vichungwa vidogo kama ndimu, bibi akafurahi. Kumbe mti unaokufa huzaa hivyo.

Bwana shamba alipita bibi akiwa gulioni. Akafukua shina moja, akabonyeza gome. Likabanduka kama ngozi ya muhogo uliooza, na ndani kumekuwa kahawia.

"Ni ukungu," akaniambia. "Unakula gome chini ya huu udongo, chakula hakishuki mizizini. Mwambie bibi yako auondoe leo."

Sikumwambia. Niliogopa fimbo, maana udongo niliuweka mimi. Nikafukia lile shina alilolifukua.

Michungwa ikafa yote saba. Tukiwa ndani, bibi akasema ni jicho la jirani, yule wa mbuzi, shoga yake aliyesukana naye nywele tangu usichana. Hakumsalimia tena. Bibi alipougua, jirani alileta uji. Nikatumwa kuumwaga, nikaumwaga.

Bibi alikufa hivyohivyo. Uani siku hizi kuna mihogo tu, na harufu ile nimekuja kuikuta huku ugenini, ndani ya gunia. Jirani bado yupo, macho yamefifia. Kila nikirudi hunishika mkono na kuniuliza jambo lilelile.

"Mjukuu wangu, hivi bibi yako alinikasirikia nini?"

Nami humpa kitenge nilichomnunulia Guangzhou, nikamwambia sijui.