Namba Nyekundu Malangoni

Eucabeth Amolo alizaliwa Kisii mjini, akasomea hapo, na Ekegusii, lugha ya wenyeji, alikiongea bila kukwama. Lakini wazazi wake walitoka upande wa ziwa, kwa kabila jingine, na mtaani kwao jambo hilo halikusahauliwa, ila tu halikusemwa. Alipohitimu upimaji ardhi Nairobi, wenzake walibaki huko. Yeye alirudi, akapata kazi katika ofisi ndogo ya wapimaji juu ya duka la dawa, akaishi na baba yake, Owiti, fundi viatu aliyefiwa na mkewe.

Mambo yalianzia kwa jirani yao Nyamusi, muuza ndizi. Alasiri moja mumewe alianguka uani, mdomo umepinda. Ambulensi ikaitwa. Dereva alipouliza njia, akaambiwa, "Kwa Nyamusi, karibu na mkaratusi." Mtaa ule ulikuwa na kina Nyamusi watatu, na mikaratusi kila kona. Gari lilizunguka dakika arobaini. Mzee hakufa, ila mkono wake wa kushoto haukuamka tena.

Eucabeth hakulisahau. Alimwomba ruhusa mwenyekiti wa nyumba kumi, kamati ya usalama ya mtaa mzima, akakubaliwa, na kuanzia hapo kila Jumapili baada ya misa alipita na futi ya kupimia na kopo la rangi, akichora ramani ya mtaa na kuandika namba kwenye nguzo za malango. Mwenyekiti hakumwambia mtu mwingine. Na rangi ilikuwa nyekundu, kwa sababu ndiyo iliyobaki ofisini.

Mtu wa kwanza kumsimamisha alikuwa Onsongo, mwalimu mstaafu.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Mwalimu. Mwenyekiti ameniruhusu kwa mdomo tu. Namba ni za ambulensi, isipotee tena."

"Ambulensi." Onsongo alilitamka neno hilo kama anayeonja maziwa asiyoyaamini. "Mpima ardhi anakuja Jumapili, hana barua, halipwi, anapima kutoka lango langu hadi barabarani, halafu ananiambia ambulensi. Nimefundisha hesabu miaka thelathini, msichana. Hiyo haijumliki."

Kufikia Jumatatu, picha ya Eucabeth akiwa na futi ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Mtu aliandika kwamba nyekundu ukutani maana yake ni moja, tingatinga linakuja kubomoa. Mwingine akauliza anampimia nani. Wa tatu akaandika, "Hawa wa ziwani wana kwao. Sisi tukibomolewa twende wapi?" Ujumbe huo ulifutwa baada ya dakika chache, lakini alikuwa ameshausoma. Wanawake waliokuwa wakipiga gumzo bombani wakaanza kunyamaza akikaribia. Hata Nyamusi, ambaye mumewe ndiye aliyesababisha yote, alimsalimia haraka haraka na kuingia ndani.

Kisha namba zikaanza kutoweka.

Hazikutoweka zote. Ni za kichochoro kimoja tu, kuanzia kumi na nne hadi ishirini na moja, zilizosuguliwa hadi saruji ikakwaruzika. Eucabeth aliziandika upya. Siku nne baadaye zikawa hazipo. Kichochoro hicho ndimo walimokaa yeye na baba yake, na ndimo alimokaa Onsongo.

Hapo na yeye akabadilika. Alianza kutazama mikono ya watu kama ina rangi. Alihesabu nani amemwitikia salamu na nani amegeuza shingo. Siku moja aliona doa jekundu kwenye mkono wa koti la Onsongo, na ingawa Kisii ina udongo mwekundu wa kutosha kuchafua makoti yote, alilala akiwa amekwisha kumhukumu. Katika mkutano wa nyumba kumi alisimama, akamwelekezea kidole.

"Ni yeye anayefuta. Nimeona rangi kwenye koti lake."

Onsongo aliinuka polepole. "Umeniona nikifuta?"

Eucabeth alikishusha kidole.

"Basi umenishuku kama nilivyokushuku. Tofauti ni kwamba mimi nilikuuliza mlangoni pangu, wewe umenitangaza mbele ya watu." Akachukua kofia yake, akaenda zake.

Alhamisi iliyofuata Eucabeth aliamka alfajiri. Alikuwa na kazi Ikonge, kupima mpaka wa shamba la chai. Ukungu ulikuwa mzito. Mbele yake, kwenye lango namba kumi na tisa, mtu alikuwa ameinama akisugua nguzo kwa nguvu. Eucabeth alitoa simu ampige picha. Mtu akageuka. Alikuwa Owiti, ameshika brashi ya waya ya kazini kwake na kitambaa kinachonuka mafuta taa.

"Baba?"

"Nenda kazini, nyar'a, binti yangu."

"Ni wewe siku zote?"

Owiti alitazama huku na huku kabla ya kujibu. "Mwaka ule wa fujo za uchaguzi nilikuwa nashona viatu mji mwingine. Wewe ulikuwa mtoto. Siku moja tuliamka malango yetu yana alama za chaki. Tuliulizana nani ameandika, tukacheka. Siku ya tatu watu walikuja. Hawakuuliza jina la mtu. Walisoma alama."

"Lakini hizi ziko kwa kila mtu."

"Najua. Nilifuta lango letu peke yake. Halafu nikaliona limebaki tupu kati ya mengine, nikasema, hiyo nayo ni alama. Nikafuta la jirani. Halafu la jirani yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungemwambia mwenyekiti, na sikujua yuko upande gani," alisema Owiti.

Kwa siku tisa Eucabeth alikaa na habari hiyo. Aliogopa akisema, watu watadai baba na mtoto walipanga. Mwishowe alikwenda kwa Onsongo, akasimama uani, akamweleza yote.

Onsongo alimsikiliza hadi mwisho. "Nitajuaje kama hii nayo si ujanja?"

"Hutajua, Mwalimu. Nimekuja tu kukuomba msamaha."

Mzee alimsogezea kiti. "Lete hiyo ramani."

Aliikagua saa nzima kwa kioo cha kukuzia, akamwonyesha kisima ambacho Eucabeth alikiweka upande usio sahihi. Katika mkutano uliofuata Eucabeth aliomba radhi mbele ya wote. Onsongo hakumtetea, ila alisema kwamba alama anayoiweka mgeni usiku au mchana haitamtuliza mtu. Kila nyumba na iweke yake, asiyetaka asiweke. Wakakubaliana namba zichongwe kwenye vibao vya mawe laini yanayochimbwa Tabaka, kila mmoja akipachike chake kwa mkono wake.

Leo nyumba arobaini na moja kati ya sitini na tatu zina kibao, na madereva wa ambulensi wana ramani. Kwenye kundi bado hutokea mtu wa kuuliza nani hasa yuko nyuma ya jambo hili. Eucabeth hujibu kwa jina lake kamili, kisha huweka simu chini.

Owiti naye alipachika kibao chao, namba kumi na saba. Alikipachika upande wa ndani wa lango, ambako mpita njia hakioni. Bintiye alikiona, akakiacha hapo hapo.