Jina Lililomnyamazisha Mtoto wa Phelista

Hebu mtazame Phelista akiingia. Hapiti mlango wa mbele wa zahanati, wenye foleni, anapitia nyuma, penye karo la kufulia. Mtoto amemfunika shuka gubigubi ingawa jua la Kitale leo ni kali. Hamsalimii mtu. Anakaa mwisho wa benchi na kugeukia ukuta. Usiharakishe kusema ana maringo, msomaji wangu. Anaficha kichwa cha mwanawe.

Mwaka ni 2005. Phelista Nabwile ameolewa na Wakhungu, kijana wa Malakisi anayepakia magunia ya mahindi hapa mjini, nao wamepanga chumba Kibomet. Mtoto ni Tonny, kifungua mimba wao. Alizaliwa sawa, akanyonya sawa. Halafu kichwa kikaanza kukua kushinda mwili, na kilio kikaja, chembamba, cha juu, kisichopumzika. Kwenye ploti, ile safu ya vyumba vya kupanga, watu walinong'ona. Mmoja wao hakujali kunong'ona.

"Mama Tonny, hiyo kichwa unailisha nini, bana?" alimuuliza pale bombani, na wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo Phelista akawa anateka maji kabla watu hawajaamka.

Aliyemtoa ndani ni jirani yake Wangechi, muuza mboga, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kulima Trans-Nzoia.

"Si unifungulie, mimi sio polisi," alisema mlangoni. Alipomwona mtoto hakushika mdomo wala hakuguna. "Kuna nesi anakuja na gari hapo zahanati kila mwezi. Ni ya watoto kama hawa."

"Kama hawa, ni kama gani?"

"Wale wanataka kuangaliwa zaidi. Chukua shuka twende, maswali utaniuliza njiani." Alimfikisha langoni mwa zahanati, akarudi kwa mboga zake.

Nesi mwenyewe aliitwa Jepchirchir, na tepu ya kupimia ilining'inia shingoni mwake kama ya fundi wa nguo. Aliizungusha polepole kichwani mwa Tonny huku akimwongelesha: "Niaje, mkubwa? Umelala vizuri?" Phelista hakuwa amewahi kusikia mgeni akimsalimia mwanawe. Alilia hapohapo.

Jepchirchir alimwacha alie kwanza, kisha akamweleza. Maji yaliyo kwenye ubongo yamekosa njia ya kutoka, yanajaa, yanausukuma ubongo. Mbale, ng'ambo ya mpaka, kuna madaktari wanaoyafungulia njia, na mradi uliomtuma nesi ungewapeleka yeye na mtoto bure. Gari lingeondoka Jumanne inayofuata.

"Lakini sikiza, mama. Akiwa analia, bado ana nguvu. Akinyamaza ghafla, alale sana, macho yaanze kuangalia chini hivi, usingoje gari yetu. Ukimbie hospitali siku hiyohiyo. Umenisikia?"

"Nimesikia, sista."

Wakhungu hakukataa. Ila alikuwa mtoto wa watu, na mtoto wa watu hapeleki mwanawe kupasuliwa bila kwao kujua. "Twende nyumbani Jumamosi, waambiwe, Jumatatu urudi," alisema. Hata mimi sioni ubaya katika maneno hayo.

Huko Malakisi mama yake, Nekoye, aliwapokea kwa mikono miwili. Alimtoa Tonny kwenye shuka, akamweka mapajani, akasikiliza kile kilio, kichwa chake mwenyewe kikiwa upande.

"Hii kilio naijua," alisema. "Mmempa jina ya televisheni. Tonny! Tonny ni nani kwetu? Kuna mtu amewahi kufa hapa akiitwa Tonny?"

Huko kwao mtoto akilia bila kukoma, husemekana mmoja wa waliotangulia anataka jina lake lirudi. Nyanya humpakata, akamtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Jina atakalonyamazia mtoto, akashika titi, ndilo lake. Ni desturi ya upendo. Ni kumwambia mtoto kwamba hapa alipofika si ugenini.

"Ni wewe Murunga? Nyonya basi." Kilio.

"Ni wewe Makokha mwenye hasira? Si upoe, tumekukumbuka!" Watu wakacheka. Kilio.

Jumapili walitoka kanisani wakaendelea. Jumatatu asubuhi Wakhungu alitangulia kurudi kazini, na Phelista akafunga nguo zake.

"Mama, nesi alisema gari ni kesho."

"Gari itarudi mwezi ujao. Huyu mwenye jina akikasirika, tutampata wapi?"

Baba mkwe alikuwa amekaa palepale kizingitini, na neno lake moja lingetosha. Lakini mke wa mwana hamwelekezei baba mkwe maneno. Hupitisha kwa mama mkwe. Na mama mkwe alikuwa amekwisha kujibu.

Jumatatu hiyo mchana Nekoye alifikia jina la Khisa, shemeji yake aliyechukuliwa na mto wa Malakisi akiwa kijana.

"Ni wewe Khisa?"

Mtoto akanyamaza.

Nekoye alipiga kigelegele kikavuka shamba la tumbaku. Majirani wakaja. Jogoo akakamatwa. Phelista alimpa mtoto titi. Midomo ikaligusa, ikaliachilia. "Amechoka kulia, mwache alale," walimwambia. Na sitakudanganya, msomaji wangu, Phelista alifurahi. Tangu kilio kianze hakuwa amepata usingizi wa maana. Alijilaza kando ya mwanawe, wakalala wote wawili, na maneno ya Jepchirchir yakalala pamoja nao.

Jumanne gari la Mbale likaondoka bila yeye. Jumatano mtoto akatapika, akasinzia tena. Alhamisi alifumbua macho, na mboni zilikuwa zimezama nusu chini ya kope.

"Mama, ona macho yake!"

Nekoye aliinama, akatabasamu. "Hata Khisa macho yake yalikuwa hivyo."

Phelista hakuaga. Alimfunga mtoto mgongoni, akapanda baiskeli ya bodaboda mpaka Lwakhakha, mpakani, akavuka, akauliza njia kila aliposhuka. Mbale walimfanyia Tonny upasuaji, maji yakapata njia. Aliishi. Lakini daktari alipopitisha tochi mbele ya uso wake, macho hayakuifuata. Yalikuwa yamebanwa na yale maji kwa muda mrefu. "Kama ungekuja na wale wengine..." daktari alianza, akaona uso wa mama, akaacha.

Waliporudi Kibomet, Jepchirchir alimfundisha kumnyoosha mtoto viungo na kumkalisha kwenye beseni lililozungushiwa nguo, mpaka shingo ikakaza. Halafu mwezi mmoja gari halikuja. Mlangoni palibandikwa tangazo kwamba mradi umefika mwisho. Akina mama walishinda pale kwenye benchi, watoto magotini, mpaka mwenye funguo akawaambia anafunga. Hakuna aliyekuja kushika kazi hiyo.

Sasa ni 2009. Mtoto ana miaka minne na wote humwita Khisa. Anakaa mwenyewe, anacheka, anamjua mtu kwa hatua zake. Wakhungu alipata kazi Bungoma, na kurudi kwake kumekuwa kwa nadra. Aliyebaki na Phelista ni Nekoye. Alihama Malakisi akaja Kibomet kumlea mjukuu. Ndiye humlisha, humwogesha, humbeba mgongoni Phelista akienda vibarua. Na kila mgeni humwambia, "Jina ndiyo ilimponya huyu. Ningechelewa, tungemzika."

Hakuna aliyewahi kumwambia vingine.

Jana simu ilipigwa kutoka Malakisi. Binti yake Nekoye amejifungua, na mtoto analia usiku na mchana, kichwa kimeanza kumzidi. Nyanya anaitwa aje na majina.

"Wampeleke hospitali kwanza, mama," Phelista amesema.

"Baadaye. Si unaona Khisa?" Nekoye anafunga leso yake, amefurahi kwamba bado anahitajika. Khisa amemsikia, anamnyooshea mikono abebwe.

Phelista amesimama mlangoni. Akinyamaza, kuna kichanga Malakisi kitakachosubiri jina. Akisema, huyu mama atajua alichokishangilia siku ile, na huenda asiweze tena kumbeba mtoto huyu mgongoni. Ungekuwa wewe, ungemwambia kile kimya kilikuwa nini?