Ngoma za Glenys zapunguza mwendo

Saa nane mchana mjini Rotherham, Uingereza, Glenys Hebblethwaite amekaa nyuma ya ngoma zake katika klabu ya wafanyakazi, anazungushia bendeji vifundo vya mikono. Ana miaka sitini na sita na nywele kazipaka kijani. Siku za kazi anapikia watoto wa shule. Jumamosi anapiga punk, muziki wa roki wa kasi na makelele, na bendi ya Kutu, tangu mwaka 1978.

"Punk ni mbio," anasema. "Ukipiga polepole, hiyo kwaya."

Shida iko hapo. Baridi yabisi imemwingia mikononi, na wanabendi wote wanne waliapiana tangu ujana: akitoka mmoja, bendi imekufa. Leo anajipima kwa mara ya mwisho.

"Umechoka au umezeeka?" anachokozwa na mwimbaji wao, Clive Ormerod, ambaye koti lake la ngozi halifungi tena tumboni.

"Nazeeka. Wewe mwenzangu ulishamaliza zamani!"

Onyesho ni la mchana, maana mashabiki nao wamezeeka, magoti yanawauma. Wimbo wa kwanza unapita salama. Katika wa pili mikono inagoma. Ngoma zinapunguza mwendo, gitaa linafuata, Clive anageuka na kumkodolea macho. Inatia uchungu kutazama. Hana la kufanya, naye anaimba polepole.

Watu wanaacha kurukaruka. Mzee mmoja aliye mbele, pini sikioni, anampazia Clive sauti.

"Kumbe wimbo wenyewe wa mama yako alivyofukuzwa kiwandani! Miaka yote hii naurukia tu, sijui mnabwata nini!"

Ukumbi unaangua kicheko.

"Rudieni! Hivyohivyo, msikimbie!"

Wanarudia. Safari hii ukumbi mzima unaimba, na Clive anashindwa kumaliza ubeti wa mwisho kwa machozi.

Baadaye, Glenys ametumbukiza mikono kwenye ndoo ya barafu, anacheka peke yake.

"Nilikuja kuizika bendi, ati!"

Punk haikuwatajirisha, lakini masika yajayo wanataka kuzunguka miji kumi, kila onyesho mchana, nyimbo zote kwa mwendo wa leo. Clive bado ana wasiwasi.

"Watasema sisi si punk tena, dada."

Glenys anatoa mkono kwenye barafu na kuchukua chipsi kwenye sahani ya Clive.

"Tangu lini punk akaomba ruhusa?"