Kugonga Kabla ya Maji

Wenzangu mliokulia Rågsved, huku Sweden, miaka ile ya elfu mbili mwanzoni, hebu semeni ukweli: nani kati yetu hakuteleza kwenye theluji akiwa amekalia mfuko wa takataka, akarudi nyumbani suruali imeganda kama bati, halafu mama yake akamuuliza kama amerogwa? Tulikuwa na raha zetu. Tulikula ugali wa semolina bila kulalamika, kwa sababu unga wa mahindi ulikuwa unafuatwa mjini kwa safari maalumu. Tulikula sombe, yale majani ya muhogo, iliyotoka kwenye friza ngumu kama tofali. Tulisubiri peremende za Jumamosi wiki nzima. Wazazi walikwangua kadi za simu na kupiga kelele hadi Bukavu, na sisi tukipewa ile simu moja ya mkononi ya nyumba nzima tulipanga foleni kucheza mchezo wa nyoka. Watoto wa leo ukiwasimulia haya wanakutazama kwa huruma, utadhani ulilelewa gerezani.

Kwetu kulikuwa na jambo moja zaidi, nami niliamini liko kwenu pia. Kabla ya kufungua bomba la maji ilikuwa lazima ugonge. Ko, ko, ko, kwa kidole kwenye bomba au kwa kijiko kwenye sinki, ndipo ufungue. Kupiga mswaki, gonga. Kuosha vyombo, gonga. Ukifungua maji kimya, Baba alikuja mbio kutoka popote alipokuwa, hata na povu la sabuni nusu ya uso, akayafunga na kusema, "Gonga kwanza. Watu wajue." Watu gani, mimi na mdogo wangu Neema hatukuwahi kuuliza. Tulidhani ndivyo maji yalivyo.

Siku niliyogundua ukweli nilikuwa nyumbani kwa Elin, rafiki yangu wa darasani. Tulikuwa tumetoka kucheza, mikono michafu, nikagonga bomba la jikoni kwao kama kawaida. Mama yake alikuwa ametoa mikate ya mdalasini kwenye oveni, akasimama na trei mkononi. "Unabisha hodi kwenye bomba?" akauliza kwa Kiswidi chake cha upole. Elin alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilipigwa na butwaa. Ina maana nchi nzima ya Sweden inaoga bila kugonga? Nilirudi nyumbani nikiwaonea huruma.

Nikamweleza Baba. Alikuwa dereva wa basi, mtu wa maneno machache, mwenye kupiga pasi shati lake la kazi hata siku ya mapumziko. Alinitazama tu, akaenda kugonga bomba na kujaza birika la chai.

Tulipofika darasa la sita, mwalimu wetu alisema kila mmoja achague jambo la zamani, alifanyie utafiti, kisha tutafanya maonyesho jioni mbele ya wazazi. Mnakumbuka utafiti wa enzi zile? Hatukuwa na simu ya kuuliza kila kitu. Uliingia maktaba, ukamsumbua mkutubi, ukabeba vitabu kama kuni. Wavulana walichagua Waviking, wasichana farasi. Mimi nilichagua wachimba dhahabu wa Amerika, nikitegemea mtu mwenye ndevu anaosha mchanga kwenye karai na kupata utajiri kabla ya chakula cha mchana.

Kumbe wapi! Vitabu vilinishtua. Karai lilikuwa mwanzo tu. Mchanga mwingi wenye dhahabu ulikuwa juu milimani, pakavu, na bila maji mchanga ni mchanga tu. Kwa hiyo watu walichimba mifereji, mirefu ajabu, ikazunguka mlima baada ya mlima kuleta maji kutoka mito ya mbali. Mteremko ukizidi, maji yanakula ukingo na kubomoa kila kitu, ukipungua, yanasimama. Penye bonde walijenga mifereji ya mbao juu ya miguu mirefu, maji yakapita angani. Huko juu kabisa waliyakusanya bwawani na kuweka lango. Lango likifunguliwa, maji yalishuka kwa nguvu na kuusomba mchanga. Nilikodoa macho maktabani nikasahau hata kwenda nyumbani kula.

Jioni nilimwonyesha Baba picha moja. Ilikuwa ya mfereji wa zamani uliokwisha kukauka, umezunguka ubavu wa mlima kama mkanda kiunoni, nyasi zimeota kingoni. Baba aliushika ukurasa kwa mikono miwili.

"Hii njia yetu ya masomo, uliipata wapi?"

"Ni Amerika, Papa."

"Hapana. Hii ni njia yetu ya masomo." Masomo kwao ni shule. Sauti yake ilikuwa ngeni. Kisha akafunga kitabu, akanirudishia. "Soma mambo ya farasi, Furaha."

Farasi! Baba yangu, aliyekuwa akituambia kila siku tusome kwa bidii mpaka tupite hao Waswidi, ananiambia niache utafiti nisome farasi! Nilimtazama Mama, naye akanikonyeza ninyamaze. Nilinyamaza, lakini sikuacha; nikaanza kujenga mfereji wangu mdogo kwenye balkoni. Mnajua kichwa changu.

Sasa niwaambie juu ya Baba Mkubwa. Kaka yake Baba aliishi Rissne, upande wa pili wa jiji, unabadilisha kutoka treni ya kijani hadi ya buluu. Hatukuwahi kwenda kwake. Kanisani, kwenye ule ukumbi wa Waswidi tulioazimwa Jumapili mchana, alikaa safu za kushoto, sisi kulia. Yeye na Baba walisalimiana kama mtu anavyomsalimu dereva wa teksi. Sisi watoto tulikuwa tumeshajifunza kutouliza, jinsi mtoto anavyojifunza kutogusa jiko la moto. Ila Jumapili ile, wakati wa chai, nilimfuata na picha yangu. Yeye ni wa kule kule, niliwaza, atanieleza.

Aliiangalia kwa muda mrefu. Akaweka kikombe chini.

"Unafanya yako mwenyewe? Ya kumimina maji?"

"Ndiyo, Papa Mukubwa. Ya boksi za maziwa."

"Na chuma? Umeweka chuma cha kugonga?"

Nikasema vitabu havikutaja chuma. Akasema kwao kule juu, kwenye lango, kulikuwa na kipande cha reli kimetundikwa kwenye mti. Mlinzi alikigonga kabla ya kufungua maji, watu walio chini wajue. Miaka yote ile, kila mswaki, kila sufuria! Nikiwa bado nimeduwaa, mdomo wangu ukamwalika kwenye maonyesho bila kuniomba ruhusa.

Nyumbani nilimkuta Mama amerudi kutoka zamu yake hospitalini Flemingsberg, ameloweka miguu kwenye beseni. Nilimuuliza juu ya chuma. Akafunga mlango wa jikoni kwanza.

Akaniambia hivi. Kule kwao, katika milima ya Kivu ya Kusini, Wazungu wa dhahabu wa zamani waliacha mfereji, na vijana wa kijiji waliendelea kuutumia kuosha mchanga. Ukiwa mkavu, watoto waliufanya njia ya kwenda shule, maana ulikuwa tambarare mwanzo hadi mwisho wakati kila njia nyingine ilikuwa kupanda na kushuka. Baba alikuwa mtoto. Alikuwa akitembea ndani yake na mdogo wao, Sadiki. Baba akapanda ukingoni kuchuma mapera. Mvua ilikuwa imeanza. Maji yakaja.

"Sadiki hakupatikana siku ile," Mama akasema. "Alipatikana kesho yake. Na kwenye lango alikuwa nani? Papa Mukubwa yako. Papa yako anasema hakusikia chuma. Mwenzake anasema aligonga. Wakakimbia vita moja, wakafika inchi moja hii ya Sweden, na mpaka leo ni hivyo."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa nimejenga, kwenye balkoni yetu, kitu kilichomuua baba yangu mdogo. Nilitaka kukikanyaga chote. Lakini maonyesho yalikuwa kesho kutwa, na Baba Mkubwa nilikuwa nimeshamwalika. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia asije, wala wa kumwambia Baba kwamba anakuja.

Jioni ya maonyesho jumba la mazoezi la shule lilijaa. Kahawa, mikate ya mdalasini, watoto wakipuliza filimbi za plastiki za darasa la muziki, Mviking mmoja akipigana na mwenzake kwa panga za kadibodi. Mfereji wangu ulianza juu kabisa ya ngazi za watazamaji, ukazunguka na kushuka hadi sakafuni kwenye sanduku la mchanga. Lango lilikuwa kipande cha ubao mbele ya ndoo. Pembeni nilikuwa nimetundika mfuniko wa sufuria ya Mama na mwiko wa bati. Baba alikuja moja kwa moja kutoka kazini, shati limenyooka, nikamwomba asimame chini ashike beseni. Alikubali. Hakuutazama mfereji, aliutazama ukuta. Nilipopanda kufika kwenye lango, Baba Mkubwa alikuwa amesimama pale nyuma yangu, koti mkononi.

Nikagonga mfuniko. Niligonga sana, mwalimu akaziba sikio. Nikavuta ubao.

Niliyakosea mahesabu ya mteremko, nakiri. Maji yalishuka kwa kasi, yakaruka sanduku la mchanga na kummwagikia Baba kuanzia kifuani hadi viatuni.

"Furaha!" Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake, wala sijaisikia tena. "Kwa nini haukugonga? Kwa nini haukugonga?"

Filimbi zote zikanyamaza. Waviking wakashusha panga.

"Niligonga, Papa."

"Haukugonga! Niko hapa! Sikusikia kitu!"

Mwalimu wangu, maskini, aliyedhani tatizo ni suruali, alishuka mbio na karatasi za kupangusia, akimhakikishia kwa Kiswidi kwamba nimegonga, yeye mwenyewe amesikia. Na nyuma yangu sauti ikasema polepole, "Amegonga, Bahati. Nilikuwa hapa naye. Amegonga."

Baba akainua macho. Nilimwona akimwona kaka yake amesimama pale, karibu na lango, karibu na chuma. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye mikono ya shati. Watu walituzunguka bila kuelewa neno, na mimi niliyeelewa kila kitu nikakaa kwenye ngazi.

Baba Mkubwa alishuka akifuata mfereji wangu, kona kwa kona, mpaka chini.

"Na siku ile?" Baba akauliza.

"Niligonga, mudogo wangu. Niligonga mpaka mukono ikaniuma. Ilikuwa mvua."

Beseni likamtoka mkononi. Kisha yule mtu wa pasi na shati, mbele ya wazazi wa Rågsved nzima, akamshika kaka yake shingoni na kulia kama mtoto, maji yakawalowesha wote wawili. Nilikuwa sijawahi kumwona Baba akilia. Sikujua hata kama anaweza.

Baada ya hapo nyumbani kwetu sheria iliongezwa kidogo. Kugonga peke yake hakukutosha tena. Unagonga, unangoja, na yeyote aliye ndani ya nyumba anajibu, "Nimesikia!" Bila jibu hakuna maji. Jumapili tulianza kwenda Rissne, na Baba alipogonga mlango wa kaka yake, hakuufungua hata kama haukufungwa kwa ufunguo. Alingoja mpaka kutoka ndani Baba Mkubwa aite, "Nimesikia, Bahati!" Neema na mimi tulichoka kungoja kwenye ngazi na baridi. Leo ningelipa chochote ningoje tena pale, maana Baba Mkubwa ameshatutoka, na mlango ule una jina la watu wengine.

Siku hizi nina nyumba yangu na mtoto wangu wa kiume ana umri niliokuwa nao. Hawa wa leo maji yao yanafunguka kwa kupitisha mkono tu mbele ya bomba, na masikio yao yamezibwa na muziki toka asubuhi. Utafiti wake wa shule anaufanya amelala kitandani, unakwisha kabla chai haijapoa. Nikimsimulia mfereji wa boksi za maziwa ananijibu kwa Kiswidi, "Kwa nini hamkutazama video tu?" Sisi tulikuwa na vichache, lakini mtu akigonga tulikuwa tunageuza kichwa.

Jana niligonga sinki la jikoni, ko, ko, ko, nikangoja. Mwanangu alikuwa mezani, hatua chache kutoka kwangu, vitu vyake masikioni. Kimya. Nikagonga tena. Kimya. Nikaona basi, nifungue tu. Ndipo kutoka sebuleni, kwenye kiti chake karibu na dirisha, Baba, ambaye sasa anaishi nami na hasikii kengele ya mlango wala simu wala mimi nikimwita kula, akainua sauti:

"Nimesikia, mama. Fungua."