Mbele za Watu

Badriya alikuwa na miaka saba tu, lakini kanuni ya nyumba yao kule Al-Naseem, Riyadh, aliijua barabara: mama akishavaa baibui, Kiswahili halas, mpaka warudi ndani.

Kanuni hiyo aliiweka Wahida, mama yake, baada ya siku moja sokoni Batha. Ilikuwa miaka ile fedha ya mafuta inamiminika, kila mtaa una winchi, kila mwenye nafasi analeta yaya kutoka ng'ambo. Wahida alikuwa akimchagulia mwanawe viatu, wanazungumza Kiunguja chao taratibu, mwanamke mmoja akamgeukia na kumwuliza kwa upole mama wa mtoto yuko wapi. Hakukusudia ubaya. Wahida, aliyetoka Unguja mwaka sitini na nne, msichana mbichi, akajibu kwa Kiarabu kwamba mama yuko duka la pili. Kisha akamshika mtoto mkono wakaondoka. Viatu hawakununua.

Baadaye Ussi, kaka yake Wahida, akapiga simu kutoka Jeddah. Mama yao, Bi Nunu, kalazwa, hali si nzuri, na kila akizinduka anamwulizia mjukuu. Wahida akampeleka Badriya kwa ndege ya asubuhi.

Wodi ilikuwa ya wanawake, vitanda vimepangana, wageni wamejaa. Bi Nunu, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu, alikunjua uso.

"Njoo, mjukuu wangu. Hata shikamoo huna?"

Badriya akalitazama baibui la mama yake, akawatazama wale wageni, kisha akamsalimia bibi kwa Kiarabu safi cha skuli.

Bi Nunu akamgeukia binti yake. "Hamkumfunza?"

Wahida angeweza kusema ndiyo, mtoto hajui, na mambo yakaishia hapo.

"Anajua, mama. Nimemkataza mimi, asiseme mbele za watu."

Alisema kwa sauti ya kusikika, na kwenye kitanda cha jirani mazungumzo yakakatika. Akamwambia Badriya amsalimie bibi yake, hapa ana ruhusa. Mtoto akainamisha kichwa, machozi yanamlenga, midomo kaifumba. Alidhani anajaribiwa.

"Mwache," alisema Bi Nunu. "Usimwadhiri mtoto. Atanisalimia nikitoka."

Hakutoka. Siku ya tatu walimchukua hospitali wakampeleka kuoshwa, na nyumbani kwa Ussi wakabaki wanawake wa mtaani waliokuja kutoa pole, wakinong'ona kwa Kiarabu. Wahida alikaa mkekani katikati yao. Alimwona Badriya amesimama mlangoni peke yake, akamwita kwa Kiswahili, bila kushusha sauti.

"Njoo ukae na mimi, mwanangu."

Badriya alizitazama kwanza nyuso za wageni, moja moja, ndipo akaja.